Heli-4, triti au nyutroni: kipimo kipi kithibitishe elementi nyepesi zinazodaiwa kuzaliwa kwa nishati ndogo?

Wati moja ya joto la ziada ikidumu siku nzima, na ikiwa joto hilo kweli limetokana na viini vya deuteri (hidrojeni nzito) kuungana viwili viwili kuwa heli-4, huacha heli yenye ujazo wa milimita za ujazo 0.84 tu. Heli kiasi hichohicho imo ndani ya sentimita za ujazo 160 za hewa tunayovuta, yaani nusu ya chupa ya soda. Hewa hiyo ikipenya kwenye seli (chombo cha jaribio) bila mtu kuona, mtafiti atakuwa amepima chumba chake akidhani amepima kiini kipya.

Ulinganisho huu wote umejengwa juu ya hesabu hiyo. Tarehe 23 Machi 1989, Martin Fleischmann na Stanley Pons walitangaza katika Chuo Kikuu cha Utah kwamba kathodi (ncha hasi ya umeme) ya metali ya paladi, iliyozamishwa kwenye maji mazito (maji ambayo hidrojeni yake ni deuteri), ilitoa joto lisiloelezeka kwa kemia. Tangu hapo, wengi wanaorudia jaribio lao huchagua cha kupima kwa kufuata nadharia wanayoipenda. Ushauri wetu ni tofauti: chagua zao unaloweza kulitenga na lile lililokuwepo tangu mwanzo. Hewa ina heli, maji mazito yana triti (hidrojeni yenye mionzi), na angani nyutroni zinanyesha usiku na mchana. Kila zao lina adui wake, na adui huyo ndiye anayepaswa kuamua chaguo lako.

Msomaji ajue pia uwanja ulivyo. Wanafizikia wengi hawaikubali dhana ya viini kuungana katika joto la kawaida. Wizara ya Nishati ya Marekani iliipitia mwaka 1989 na tena mwaka 2004, na mara zote mbili haikuona ushahidi wa kutosha. Kikundi kilichofadhiliwa na Google kilichapisha katika jarida la Nature mwaka 2019 kwamba hakikupata dalili ya athari hiyo. Hata hivyo kazi haijafungwa. Mwaka 2023 ARPA-E, shirika la Marekani linalofadhili utafiti wa nishati, lilitoa dola milioni 10 kwa miradi minane, na mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walionyesha katika Nature kwamba kuijaza paladi deuteri kwa njia ya umeme huongeza kasi ya viini kuungana kwa asilimia 15 hivi, pale shabaha hiyo inapopigwa na deuteri kutoka kwenye plazima. Hao walipima nyutroni. Hawakudai joto la ziada, na uchaguzi wao wa kipimo una la kutufundisha.

## Njia zenyewe na alama zinazoacha

Nishati hapa chini ni ya kila tukio, kwa megaelektroni-volti (MeV). Herufi d ni kiini cha deuteri, p ni protoni; alfa ni kiini cha heli-4 kinachoruka, na gama ni mionzi isiyo na chaji.

| Njia | Kinachozaliwa | Nishati | Alama ya kutafuta |
|---|---|---|---|
| d + d, karibu nusu ya matukio | triti + protoni | 4.03 | triti; protoni ya 3.02 MeV |
| d + d, karibu nusu nyingine | heli-3 + nyutroni | 3.27 | nyutroni ya 2.45 MeV |
| d + d, tukio 1 hivi kati ya milioni 10 | heli-4 + gama | 23.85 | gama yenye nguvu sana |
| d + d ndani ya metali (dhana tu) | heli-4 + joto | 23.85 | heli na joto vikienda sambamba |
| p + d | heli-3 + gama | 5.49 | gama ya 5.49 MeV |
| lithi-6 + d | heli-4 mbili | 22.4 | alfa za 11.2 MeV |
| lithi-7 + p | heli-4 mbili | 17.35 | alfa za 8.7 MeV |
| lithi-6 + nyutroni | triti + heli-4 | 4.78 | triti na heli kwa idadi sawa |

Mstari wa nne ndio wenye utata. Ukiondoa huo, mistari mingine yote inajulikana na imepimwa kwa viongeza kasi. Ugumu ni kwamba viini viwili vyenye chaji chanya husukumana. Katika joto la chumba kila kimoja kina nishati ya sehemu ndogo ya elektroni-volti moja, ilhali ukuta wa kusukumana kwao ni mamia ya maelfu. Elektroni za metali hupunguza msukumano huo kidogo, na jambo hili si la kubuni. Deuteri inapopigwa kwenye shabaha za metali kwa nishati ndogo, upungufu uliopimwa hufika mamia ya elektroni-volti, wakati kwenye gesi ni kama 27 tu. Lakini kutoka hapo hadi wati moja mezani bado ni mbali mno.

Kuna pia dhana kwamba elektroni na protoni huungana juu ya uso wa metali kutoa nyutroni za polepole, na nyutroni hizo ndizo zinazojenga elementi. Hatua ya kwanza inadai 0.78 MeV kutoka mahali fulani, na wanaoitetea ndio wenye jukumu la kuonyesha inakotoka. Kwa mpimaji, dhana hii ina faida moja: inapimika kirahisi. Nyutroni ya polepole ikinaswa na hidrojeni ya kawaida hutoa gama ya 2.22 MeV, na ikinaswa na lithi-6 hutoa triti. Ukiwa na maji ya kawaida na lithi ndani ya seli, kisha usione gama hiyo wala triti, hoja ya nyutroni imedhoofika sana kabla hujagusa heli.

Sasa tazama mistari miwili ya kwanza ya jedwali pamoja. Wati moja ikitokana na njia hizo za kawaida, nyutroni zinazotoka ni kama bilioni 850 kila sekunde. Mtu aliyesimama mita moja kutoka kwenye seli angepata kama sieverti 10 kwa saa, dozi ya kuua. Kwa hiyo anayedai joto la wati na yuko hai anadai mstari wa nne, apende asipende, na anapaswa kuonyesha heli-4. Anayedai matukio machache kwa sekunde hana haja ya heli kabisa, kwa sababu hataiona kamwe.

## Heli-4: ushahidi mzito, mazingira magumu

Heli-4 ikilingana na joto, hakuna ushahidi mwingine unaoweza kuizidi. Kila atomu hubeba 23.85 MeV, hivyo wati moja inatakiwa kuambatana na atomu bilioni 260 kila sekunde. Uwiano huo haubembelezwi: ukipata nusu yake lazima ueleze nusu nyingine iko wapi, ukipata maradufu umevuja. Melvin Miles na wenzake, katika maabara ya jeshi la majini la Marekani huko China Lake, waliripoti mwanzoni mwa miaka ya 1990 heli iliyofuatana na joto kwa kiwango cha karibu na hicho. Ubishi ulioibuka ulihusu uvujaji na chupa za kioo za kukusanyia gesi, na baadaye walihamia chupa za metali. Ni fundisho la bure: anza na metali.

Heli hupenya kioo cha borosilikati. Haihitaji ufa. Inapita katikati ya kioo chenyewe, na kasi yake hupanda joto likipanda. Argoni haipiti hivyo. Basi yule anayesema "sikuona argoni, kwa hiyo hewa haikuingia" amejibu nusu ya swali. Argoni itakuonyesha gasketi mbovu au valvu iliyolegea, ila haitakuonyesha heli iliyochujwa na kioo. Seli iwe ya chuma cha pua, viungo vyake viwe vya kukaza kwa gasketi za shaba, na kusiwe na pete za mpira popote kwenye njia ya gesi. Kisha fanya jaribio tupu: jaza seli deuteri, ifunge bila kuwasha umeme, iache siku zilezile na kwa joto lilelile la jaribio, upime. Namba utakayopata ndiyo sakafu yako.

Seli ya wazi au ya kufungwa? Kwa heli, tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ampea moja huchana maji mazito mililita 8 hivi kwa siku, na kutoa kama lita 10 za deuteri na lita 5 za oksijeni. Zile milimita 0.84 za heli zikichanganyika na lita hizo 15 hubaki sehemu 56 kwa kila sehemu bilioni. Hewa ina sehemu 5,240. Asilimia moja tu ya hewa kwenye sampuli inatosha kufanana na wati moja nzima. Katika seli iliyofungwa, yenye kichocheo cha kuunganisha tena deuteri na oksijeni kuwa maji, gesi haiongezeki na heli inajilimbikiza. Iwapo nafasi ya gesi ni lita moja, wati moja huifikisha heli kwenye kiwango cha hewa baada ya siku 6 hivi. Ikivuka hapo na kuendelea kupanda kwa mstari ulionyooka, uvujaji wa hewa hauwezi tena kuwa maelezo, kwa kuwa hewa haiwezi kuijaza seli heli kupita kiwango ilicho nacho yenyewe. Huo ndio mstari wa kuulenga.

Seli iliyofungwa ina hatari yake, na hili lisichukuliwe kwa wepesi. Kichocheo kikilowa au kikisinyaa, deuteri na oksijeni hujikusanya katika uwiano wa kulipuka. Januari 1992 mlipuko wa seli ulimuua mtafiti katika taasisi ya SRI, California. Weka kipimo cha shinikizo kinachokata umeme chenyewe, valvu ya kupunguza shinikizo, na ngao kati ya seli na watu.

Kwenye spektrometa ya tungamo (kifaa kinachotenga atomu na molekuli kwa uzito wake), shida ya heli ni pacha wake. Molekuli ya deuteri ina tungamo 4.0282 na heli-4 ina 4.0026. Kuzitenga kunahitaji uwezo wa kutofautisha sehemu 1 kati ya 160 hivi. Vichanganuzi vya kawaida vya gesi za mabaki, vile vinavyofungwa kwenye mitungi ya ombwe, havifiki hapo na vitakupa kilele kimoja kinene cha 4. Kuna njia tatu za kutoka. Ya kwanza ni kifaa cha ubora wa juu. Ya pili ni kuiondoa deuteri kabla: pitisha sampuli ndogo, sentimita za ujazo 10 hadi 50, juu ya kinasio cha zirikoni au titani, kisha kwenye mkaa uliopozwa na nitrojeni ya kimiminika, ambao hunasa argoni na nitrojeni na kuiacha heli ipite. Ya tatu ni kubadili nishati ya elektroni za kifaa. Deuteri huaniwa (hupoteza elektroni) kuanzia elektroni-volti 15.5 na heli kuanzia 24.6, hivyo ukipima kwa 20 unaona deuteri peke yake, na ukipima kwa 70 unaziona zote mbili. Tunaipendelea njia ya pili ikithibitishwa na ya tatu, maana kinasio kilichochoka hakitoi taarifa kwamba kimechoka.

Kosa linalorudiwa mno: kutafuta uvujaji kwa kupuliza heli nje ya seli, halafu kupima heli ndani ya seli hiyohiyo wiki hiyohiyo. Tumia argoni kutafuta uvujaji. Uliza pia kama kwenye jengo kuna mashine inayopozwa na heli ya kimiminika, kwa sababu hewa ya chumba inaweza kuwa na heli nyingi kuliko vitabu vinavyosema. Heli ya mitungi yenyewe ina historia yake. Ile inayotafutwa Rukwa, Tanzania, kwa mfano, imezalishwa ardhini na urani na thori zinazooza kwa muda mrefu mno, na heli ya namna hiyo ina heli-3 kidogo sana ikilinganishwa na ya hewani, ambayo ina kama atomu 1.4 za heli-3 kwa kila milioni ya heli-4. Spektrometa bora ikikupa uwiano huo, utajua mgeni wako ametoka hewani au kwenye mtungi.

Mwisho kuhusu heli: haiyeyuki ndani ya paladi wala haitoki kirahisi ikishanaswa. Sehemu inaweza kubaki ndani ya kathodi na kukufanya uone pungufu. Kata waya wa kathodi vipande viwili kabla ya kuanza, kipande kimoja kiingie kwenye seli na kingine kihifadhiwe. Baadaye viyeyushe vyote ndani ya ombwe, juu ya nyuzijoto 1,555, upime gesi inayotoka. Kupasha nyuzijoto mia kadhaa hakutoshi.

## Triti: bei nafuu, hisia kali

Triti inapimika kwa kuoza kwake, nayo hilo huifanya ionekane mapema mno. Nusu uhai wake ni miaka 12.32, hivyo bekereli moja (kuoza kwa atomu moja kila sekunde) ni atomu milioni 560. Kihesabu cha kawaida cha sintilesheni ya kimiminika (huhesabu vimulimuli vya mwanga ambavyo mionzi huviwasha kwenye kimiminika), chenye hesabu za msingi 20 kwa dakika (zile kinazotoa hata pasipo na cha kupimwa) na ufanisi wa asilimia 25, kikihesabu dakika 500, kinaweza kutenga kama bekereli 0.06 katika kichupa kimoja: atomu kama milioni 34 tu. Heli haikaribii hapo isipokuwa kwenye maabara chache za gesi adimu. Tena vihesabu hivi vipo kwenye maabara za maji na za tiba, kwa hiyo huhitaji kununua chako.

Adui wa triti ni chupa ya maji mazito. Kiwango cha triti hutofautiana sana kutoka chupa hadi chupa, kwa sababu maji mengine yamewahi kupita karibu na vinu vya nyuklia. Kabla ya lolote, changanya maji yote utakayotumia, ya kuanzia na ya kujazia, kwenye chombo kimoja, uchukue sampuli tatu. Anayefungua chupa mpya katikati ya jaribio ameliua jaribio lake.

Adui wa pili ni elektrolisisi yenyewe. Deuteri hutoka kuwa gesi kwa urahisi kuliko triti, hivyo triti hubaki nyuma. Katika seli ya wazi inayojazwa maji kila siku, kiwango cha triti hupanda mpaka kuwa mara kadhaa ya kile cha maji ya kujazia, kulingana na kigezo cha mtengano (mara ngapi deuteri hutoka kwa urahisi kuliko triti). Kigezo kikiwa 2, utaona triti ikiongezeka maradufu na hakuna kiini hata kimoja kilichoungana. Ongezeko dogo la namna hiyo limewachanganya wengi. Seli iliyofungwa inalimaliza tatizo hili kabisa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuichagua.

Sampuli za LiOD (hidroksidi ya lithi iliyotengenezwa kwa maji mazito, inayopitisha umeme ndani ya seli) ni za kibesi, nazo zikichanganywa na kimiminika cha sintilesheni hutoa mwanga wa kikemia unaofanana na triti. Usizihesabu zikiwa hivyo. Zinereke kwanza, au zitulize kwa asidi, kisha ziache gizani saa 24. Hesabu kichupa kilekile mara tatu kwa siku tofauti: mwanga wa kikemia hufifia, triti haifanyi hivyo. Chora pia spektra (mgawanyo wa nishati za hesabu hizo). Beta ya triti haivuki kiloelektroni-volti 18.6, kwa hiyo hesabu zilizo juu ya hapo zina chanzo kingine.

Paladi nayo ichunguzwe. Metali hii ni ghali na hurejelewa kiwandani, na waya unaweza kuja na triti iliyokuwa imenaswa kabla haujafika kwako. Kile kipande ulichokihifadhi kwa ajili ya heli kitakusaidia hapa pia.

Udhaifu wa triti uko kwenye maana yake. Ikionekana peke yake haielezi joto, kwa kuwa kiasi kinachoripotiwa huwa kidogo mno. Na ikiwa imezaliwa kwa njia ya kawaida ikiwa na 1.01 MeV, lazima baadhi yake igonge deuteri nyingine kabla ya kusimama na kutoa nyutroni za 14 MeV, takriban moja kwa kila triti laki moja. Ukiona triti bilioni moja mpya na nyutroni hazipo kabisa, shuku chupa kwanza.

## Nyutroni na heli-3

Heli-3 yenyewe hatushauri uitafute moja kwa moja. Pacha wake, molekuli ya hidrojeni na deuteri, ana tungamo 3.0219 dhidi ya 3.0160, na kuzitenga kunahitaji uwezo wa 1 kati ya 510. Triti yoyote iliyopo pia huoza kuwa heli-3. Nyutroni inayozaliwa pamoja nayo ndiyo ya kufuatwa.

Faida ya nyutroni ni wakati. Heli na triti ni jumla ya wiki nzima. Nyutroni inafika sasa hivi na ina muhuri wa saa. Ukizima umeme, ukabadilisha mkondo, ukatoa seli na kuweka ya maji ya kawaida, unaona jibu siku hiyohiyo. Ndiyo maana kazi ya mwaka 2025 iliweza kusema asilimia 15: kulinganisha kuwashwa na kuzimwa kwenye kifaa kilekile ni kipimo safi kuliko kulinganisha chupa mbili.

Mirija ya heli-3 iliyozungukwa na polithini nene ya sentimita 5 hadi 10 ndiyo chaguo la kuanzia. Usitazame idadi tu, tazama umbo la spektra: kila nyutroni iliyonaswa huacha kiloelektroni-volti 764, na kelele ya umeme haina umbo hilo. Mirija hii, na zaidi ile ya gesi ya boroni trifloridi, husumbuliwa na unyevu, joto na mtikisiko. Aprili 1989 watafiti wa Georgia Tech walitangaza nyutroni na kuliondoa tangazo siku chache baadaye, walipogundua kwamba kigunduzi chao kiliitikia joto. Seli inayochemka karibu na mrija ni chanzo cha unyevu, kwa hiyo weka silika ya kukausha kwenye kisanduku cha elektroniki na kipimajoto kando yake. Angalau mirija miwili iliyotenganishwa ikubaliane kabla hujaamini kitu.

Ukitaka kujua nishati ya nyutroni, tumia sintileta ya kioganiki inayotenga nyutroni na gama kwa umbo la mpigo. Hapo 2.45 na 14 MeV hutofautishwa, jambo ambalo polithini inalifuta.

Nyutroni za anga hubadilika na shinikizo la hewa, karibu asilimia 0.7 kwa kila hektopaskali, kwa hiyo barometa ni sehemu ya kifaa. Mwinuko nao una uzito: maabara ya Nairobi hupata nyutroni za anga kama mara tatu ya maabara ya Dar es Salaam. Kama una chaguo, ghorofa ya chini kabisa chini ya zege nyingi. Usizungushe risasi nyingi kando ya seli, kwa maana chembe za anga zikiipiga risasi hutoa nyutroni kwa mafungu, na mafungu hayo yanafanana mno na "milipuko midogo" ambayo wengine wameiripoti. Waliokwenda mbali zaidi ni kituo cha LUNA, Gran Sasso, Italia, chini ya mita 1,400 za mwamba. Huko njia ya p + d ilipimwa upya na kuchapishwa mwaka 2020, na heli-3 mbili zinazoungana zilipimwa kwa nishati ndogo kiasi kwamba matukio mawili kwa mwezi yalitosha kuwa matokeo. Hiyo ni kazi ya nishati ndogo isiyo na ubishi, na siri yake kubwa ni ukimya wa mwamba.

## Alfa, lithi na boroni

Plastiki ya CR-39 ni rahisi kuliko yote. Chembe zenye chaji huiacha na makovu yanayoonekana kwa hadubini baada ya kuiloweka kwenye hidroksidi ya sodiamu ya molari 6.25 kwa nyuzijoto 70, saa 6 hivi. Maabara ya jeshi la majini la Marekani, San Diego, iliitumia kwenye seli ambamo paladi na deuteri hutandazwa kwa pamoja juu ya kathodi. Tatizo ni kwamba ikigusa elektroliti na kathodi huumwa na kemikali, nayo makovu ya kemikali yanamdanganya asiye mzoefu. Iweke nyuma ya utando mwembamba wa plastiki, na kumbuka kwamba radoni ya chumbani hutoa alfa za 5.5 hadi 7.7 MeV. Kwa mfumo wa gesi au ombwe, kigunduzi cha silikoni kinaizidi kwa sababu hutoa nishati na wakati.

Mabadiliko ya isotopu za lithi na boroni tunayaweka mwisho, na wengi wangefanya vyema kuyaacha. Lithi ya vitabuni ina asilimia 7.6 ya lithi-6, lakini ya dukani mara nyingi imeshaondolewa lithi-6 kwa matumizi ya nyuklia, na inaweza kuwa chini ya asilimia 4. Mtu asiyepima chupa yake ataona "upungufu" mkubwa. Boroni nayo hutoka kwenye kioo cha borosilikati, ambacho LiOD hukitafuna taratibu.

## Basi uchague nini?

Maabara ndogo ya chuo, isiyo na kalorimita (kifaa cha kupima joto linalotolewa) ya kuaminika kwa kiwango cha miliwati, ianze na nyutroni na triti kwa pamoja kwenye seli moja iliyofungwa. Mililita 100 za maji mazito na gramu 0.07 za lithi, ikiyeyushwa taratibu chini ya argoni, hutoa LiOD ya molari 0.1. Vipimo hivyo viwili hukaguana, na gharama yake inabebeka. Mfumo wa gesi, ambapo deuteri husukumwa kwenye unga wa metali bila maji, unafaa zaidi kwa nyutroni na silikoni.

Mwenye joto la wati 0.1 au zaidi linalodumu wiki kadhaa, ndani ya kalorimita iliyopimwa kwa kipasha joto kabla na baada, aende moja kwa moja kwenye heli-4. Wati 0.1 kwa siku 30 ni milimita za ujazo 2.5 za heli, kiasi kinachopimika vizuri iwapo seli ni ya metali tupu na nafasi ya gesi ni chini ya nusu lita. Kama huna spektrometa, kusanya gesi kwenye bomba la shaba lililobanwa ncha zote mbili, kama wanavyofanya wataalamu wa maji ya ardhini, na uitume. Tuma mabomba sita: mawili ya jaribio, mawili ya seli ya maji ya kawaida yenye LiOH (hidroksidi ya lithi isiyo na deuteri), moja la jaribio tupu na moja la hewa ya chumba. Yape namba tu, bila majina, na orodha ibaki kwako hadi matokeo yote yarudi.